Dawa Zinazotumika Mdomoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kwenye kaunta za maduka ya dawa ya Nairobi, Kawangware hadi Eastleigh, mara nyingi mteja akiwa ameshalipa na mguu mmoja uko mlangoni: "Daktari, hii nameza ama naiacha iyeyuke?" Jibu linaweza kuamua kama dawa itafanya kazi au la, ndiyo maana tumeyaandika kwa kirefu. Tunaanza na mambo ya msingi. Mwenye haraka ya jambo la mtoto aende moja kwa moja swali la 15.

## Mambo ya msingi

1. Dawa ya kuweka mdomoni ina tofauti gani na ya kumeza? Si zote zinapitia mdomoni?

Zote zinapitia mdomoni, lakini safari zake si moja. Dawa ya kumeza hushuka tumboni, hunyonywa na utumbo, kisha damu huifikisha kwanza kwenye ini kabla haijasambaa mwilini. Ini huvunja baadhi ya dawa vibaya sana hata kinachobaki ni kidogo mno. Dawa inayonyonywa na utando laini wa ndani ya mdomo huingia kwenye mishipa ya damu inayoshuka shingoni kuelekea moyoni. Ini haipati nafasi ya kuigusa kwanza.

Lipo kundi la pili, nalo ni kubwa: dawa ambazo hatutaki ziingie kwenye damu. Kazi yake iko papo hapo mdomoni, kama vile kuua fangasi, kulinda meno, au kufunika kidonda. Kwa hiyo kabla ya kufungua pakiti uliza jambo moja: hii inatakiwa iingie kwenye damu, ama ibaki mdomoni? Karibu kila sharti utakalopewa linatokana na jibu hilo.

2. Kwa nini chini ya ulimi?

Simama mbele ya kioo, inua ulimi. Mishipa ya bluu unayoiona imefunikwa na utando mwembamba wa milimita 0.1 hadi 0.2. Utando wa shavuni ni mnene zaidi, milimita 0.5 hadi 0.8. Ufizi na kaakaa vina tabaka gumu juu yake kwa sababu ndivyo vinavyosuguliwa na chakula, na dawa hupenya hapo kwa shida.

Ndiyo sababu dawa ya dharura huwekwa chini ya ulimi. Shavu linachukua muda zaidi, lakini lina faida yake: halisumbuliwi na ulimi kila mara, kwa hiyo dawa inayotakiwa kutoka polepole hukaa vizuri pale.

3. Basi mbona dawa zote zisiwekwe chini ya ulimi?

Nafasi yenyewe ni finyu. Eneo lote la ndani ya mdomo, meno yakiwemo, ni kama sentimita za mraba 200. Utumbo mwembamba una mita nyingi za mraba. Dawa ya kupenya mdomoni lazima iwe inafanya kazi kwa kiasi kidogo sana, iyeyuke kwenye mate, halafu iweze kupita kwenye tabaka lenye mafuta kati ya chembe za utando. Amoksilini ya miligramu 500 haina lake hapo.

Kuna pia suala la asidi. Molekuli nyingi za dawa hubeba chaji au huiacha kulingana na hali ya mate, na zile zisizo na chaji ndizo zinazopenya kwa urahisi. Mwaka 1988 watafiti walipima methadoni (dawa ya maumivu na ya kuachana na heroini) iliyowekwa chini ya ulimi: kwa kawaida takriban asilimia 34 ilinyonywa, lakini kimiminika kilipofanywa kiwe na ualkali zaidi (kinyume cha asidi), kiwango kilipanda hadi kama asilimia 75. Dawa ni ileile na mdomo ni uleule. Kilichobadilika ni hali ya majimaji tu. Kumbuka hili ukifika swali la 8.

Wengi huuliza kuhusu vitamini B12 ya chini ya ulimi, ambayo huuzwa ghali kidogo. Kwa watu wengi haijaonyesha kuwa bora kuliko ya kumeza.

4. Mate yanahusikaje?

Mate ndiyo yanayoamua mengi, na ndiyo yanayosahaulika. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Ukiwa umetulia hutoka takriban mililita 0.3 kwa dakika. Ukitafuna au ukionja kitu kichachu huongezeka mara kadhaa. Ukilala karibu yanakoma.

Jambo la kushangaza ni jinsi yanavyokuwa machache kwa wakati mmoja. Ukishameza, mdomoni hubaki mililita 0.8 hivi, chini ya moja ya tano ya kijiko cha chai, zikiwa zimetandazwa juu ya kila kitu kama tabaka la takriban milimita 0.1. Dawa huyeyuka kwenye tabaka hilo. Ukimeza, sehemu ya dawa inaondoka. Mate mapya yanaingia, yanaizimua iliyobaki, unameza tena. Bila dawa kung'ang'ania mahali fulani, dakika chache zinatosha kuifagia karibu yote.

Hapo ndipo zinapotoka kanuni unazopewa. "Usiimung'unye" ni kwa sababu kumung'unya huleta mate. "Paka usiku kabla ya kulala" ni kwa sababu usiku mfereji umefungwa. "Usizungumze" ni kwa sababu ulimi ukicheza, koo nalo linameza.

5. Je, mdomo wote huoshwa sawasawa?

La, na tofauti ni kubwa. Tabaka la mate husogea kwa kasi ya takriban milimita 7.6 kwa dakika nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na vijitundu vinavyotoa mate chini ya ulimi. Nyuma ya mdomo wa juu, mbele ya meno ya juu, husogea milimita 0.8 tu. Utaona ushahidi kwa mtoto anayelala na chupa ya maziwa au juisi mdomoni: meno ya mbele ya juu yameoza, ya chini yamepona. Sukari ilikaa juu, chini ikaoshwa.

Kwa dawa, elimu hiyo hutumika kinyume. Tembe inayotakiwa kushikilia kwa saa nyingi hubandikwa juu ya ufizi wa juu, nyuma ya mdomo wa juu, kwenye kibonde kilicho juu ya jino la chonge. Ipo tembe ya mikonazoli ya fangasi inayobandikwa hivyo mara moja kwa siku.

## Dawa zinazotakiwa kuingia kwenye damu

6. Tembe ya chini ya ulimi naiweka vipi hasa?

Kunywa funda la maji kwanza ili mdomo uwe na unyevu, umeze. Kaa chini. Inua ulimi, weka tembe upande mmoja wa uzi unaoushikilia ulimi, shusha ulimi, funga mdomo, usiisukume. Mate yakijaa, jizuie kumeza kadiri unavyoweza mpaka tembe iishe. Usile wala usinywe hadi iishe.

Ukishaimeza kwa bahati mbaya, usikimbilie kuongeza nyingine bila kuuliza. Baadhi ya dawa zikimezwa hupotea kwenye ini (swali la 1), nyingine hunyonywa utumboni kwa kuchelewa, na ukiongeza unaweza kupata dozi mbili kwa pamoja. Tembe ya kumung'unya ya fentanili, dawa kali ya maumivu, inaeleza vizuri: takriban robo ya dawa hupita utandoni, robo tatu humezwa, na kati ya hizo robo tatu ni theluthi tu inayonusurika ini. Jinsi mgonjwa anavyomung'unya ndiyo inayogawa dozi.

7. Daktari amempa mzee wangu nitrogliserini ya maumivu ya kifua. Tujue nini?

Hii ni moja ya dawa kongwe za mdomoni. Mtaliano Ascanio Sobrero aliitengeneza mwaka 1847, akaionja, na akaandika kuwa kiasi kidogo tu ulimini kilimletea maumivu makali ya kichwa. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London akaandika jinsi inavyotuliza maumivu ya kifua. Ikimezwa, ini huiharibu karibu yote. Chini ya ulimi hufanya kazi ndani ya dakika moja hadi tatu.

Mzee akae kwenye kiti kwanza, kwa sababu presha hushuka na anaweza kuanguka. Maumivu yasipopungua dakika 5 baada ya tembe ya kwanza, mkaanze kutafuta gari la kwenda hospitali huku mkifuata maelekezo ya daktari kuhusu tembe ya pili na ya tatu. Msisubiri zote tatu ziishe ndipo mhangaike na msongamano wa barabarani. Kuumwa kichwa ni kawaida.

Tembe zikae kwenye chupa yake ya glasi iliyofungwa vizuri, kwa sababu dawa hii huyeyukia hewani na hufyonzwa na plastiki. Vile vikasha vya plastiki vya siku saba havifai, na hata kipande cha karatasi ndani ya pochi hakifai.

La mwisho, na tunalisema bila haya: aliyetumia sildenafili, ile inayouzwa kwa ajili ya nguvu za kiume, asiiguse nitrogliserini kwa saa 24; aliyetumia tadalafili, dawa ya kazi hiyohiyo, kwa saa 48. Presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Mzee anaweza kuona aibu kusema mbele ya watoto wake, basi aulizwe faraghani, lakini aulizwe.

8. Nikinywa chai au soda kabla, kuna shida?

Ipo. Kahawa, soda na maji ya matunda huacha asidi mdomoni, na kwa dawa kama nikotini asidi hiyo huiongezea chaji, ikashindwa kupenya (swali la 3). Ndiyo sababu anayetumia chingamu ya nikotini kuachana na sigara huambiwa asinywe vitu hivyo dakika 15 kabla na wakati wa kutafuna. Na chingamu yenyewe haitafunwi kama ya kawaida: tafuna mpaka uhisi mwasho, iegeshe kati ya shavu na ufizi, mwasho ukiisha tafuna tena. Wanaoitafuna mfululizo humeza nikotini, wanapata kwikwi na kichefuchefu, halafu wanasema dawa haifai.

9. Presha yangu ikipanda, naweza kuweka tembe ya presha chini ya ulimi ili ishuke haraka?

Hapana. Swali hili tunalipata karibu kila siku, na tunaomba lisomwe mpaka mwisho.

Desturi hii ina historia. Miaka ya nyuma hospitalini kidonge laini cha nifedipini kilitobolewa na majimaji yake kukamuliwa chini ya ulimi wa mgonjwa. Presha ilishuka, na kila mtu aliamini utando wa mdomo ndio ulioipokea. Vipimo vilionyesha kuwa nifedipini hupenya mdomoni kidogo sana. Mgonjwa alikuwa anaimeza pamoja na mate, ikanyonywa utumboni. Kibaya zaidi, presha ilishuka ghafla bila mtu kuweza kuizuia. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha makala iliyohoji kama utaratibu huo haufai kusitishwa, ikitaja visa vya kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo.

Ubongo uliozoea presha ya juu kwa miaka hauvumilii kuporomoka kwa dakika kumi. Zaidi ya hayo, tembe nyingi za nifedipini zinazouzwa leo zimetengenezwa zitoe dawa polepole siku nzima. Ukiivunja au kuisaga ili uiweke ulimini, umeifungulia yote kwa mkupuo.

Mashine ikisoma juu na huna dalili yoyote, kaa utulie, pima tena baada ya dakika kadhaa, umeze dozi yako kama uliisahau, upange kumwona daktari. Ikiwa una maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya hospitali.

10. Mdomo wangu umekauka, tembe haiyeyuki kabisa.

Wenye kisukari, wazee, na wanaotumia amitriptilini au dawa za mzio zinazoleta usingizi hulalamika hivi sana. Bila mate dawa haiyeyuki, na isipoyeyuka haipenyi. Lowesha mdomo kwa maji kabla, au dondosha matone machache juu ya tembe. Mwambie daktari, kwa sababu dawa nyingine zinaweza kubadilishwa, na kwa mwenye maumivu ya kifua dawa ya kupuliza chini ya ulimi inaweza kumfaa zaidi.

11. Natumia buprenofini kuachana na heroini. Nimesikia inaharibu meno.

Mwezi wa Januari 2022 FDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu kuoza kwa meno, maambukizi na kung'oka kwa meno kwa wanaotumia buprenofini ya kuyeyuka mdomoni. Usiache dawa kwa sababu hiyo, inaokoa maisha. Ikishayeyuka yote, chukua funda la maji, lizungushe taratibu kwenye meno na ufizi, meza, kisha subiri angalau saa moja kabla ya kupiga mswaki. Wanaohudumiwa kwa methadoni ya maji, kama kwenye kliniki ya Hospitali ya Mathari, hawafuati kanuni ya chini ya ulimi: ile humezwa yote mbele ya mhudumu.

## Dawa zinazotakiwa kubaki mdomoni

12. Nimepewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Kwa nini nisisukutue na maji baadaye, na kwa nini meno yamekuwa ya kahawia?

Klorheksidini ina chaji chanya, na meno, ufizi na utando wa mdomo vina chaji hasi. Ukisukutua kwa dakika moja na kutema, takriban theluthi moja ya dawa hubaki imeng'ang'ania, kisha hujiachia kidogo kidogo kwa saa nyingi. Hiyo ndiyo nguvu yake. Mwaka 1970 watafiti Löe na Schiøtt walionyesha nchini Denmark kuwa mililita 10 za asilimia 0.2, mara mbili kwa siku, zilizuia utando wa bakteria usijengeke hata kwa watu walioacha kupiga mswaki. Ukisukutua na maji papo hapo unaiondoa kabla haijashika, na ule uchungu unazidi.

Dawa nyingi za meno za mswaki zina kemikali ya povu yenye chaji hasi, inayoikamata klorheksidini na kuizima. Acha angalau nusu saa kati ya mswaki na kusukutua.

Kuhusu rangi: chaji ileile inayoishikiza dawa kwenye jino huvuta pia rangi ya chai na kahawa. Kwa mji unaoishi kwa chai, doa huja mapema. Halijaharibu jino, daktari wa meno hulisafisha. Tumia kwa muda ulioandikiwa tu, na chai iwe mbali na wakati wa kusukutua.

13. Je, ni kweli nisisukutue baada ya kupiga mswaki?

Ni kweli. Tema povu, basi. Floraidi, kile kinga cha meno kilicho kwenye dawa ya mswaki, inayobaki huhifadhiwa kwenye utando wa meno na kwenye mate, na usiku mate yakipungua hukaa muda mrefu zaidi. Maji mengi huifagia. Mswaki wa usiku ndio wa kulinda kuliko wote.

Watoto wana kanuni yao, na Nairobi ina sababu ya ziada. Visima vingi vya hapa na vya Bonde la Ufa vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na ndiyo inayoacha meno yenye madoa ya kahawia mtoto akiinywa wakati meno yanajijenga. Chini ya miaka 3 tumia dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha njegere. Na mtoto afundishwe kutema.

14. Jino linauma usiku. Nikisaga aspirini nikaiweka juu ya ufizi, si itafika haraka?

Haifiki kwenye jino, inaunguza ufizi. Aspirini ni asidi. Ikikandamizwa kati ya shavu na ufizi kwa nusu saa, utando hugeuka mweupe, wenye mikunjo, na ukiugusa hubanduka kama ganda la maziwa yaliyochemka, chini yake pakibaki pekundu panapowaka kwa chumvi na pilipili. Mtu alikuja na tatizo moja, sasa ana mawili. Maumivu ya jino hutoka ndani, kwenye neva, nyuma ya tabaka gumu ambalo aspirini haipenyi.

Meza dawa ya maumivu kwa maji, kwa dozi ya kwenye pakiti. Parasetamoli nayo humezwa, haibandikwi. Mafuta ya karafuu kwenye pamba ndogo yanaweza kutuliza yakiwekwa ndani ya tundu la jino. Yakigusa ufizi nayo huunguza. Usiweke maji ya betri wala petroli, hata kama jirani anaapa. Kisha mwone daktari wa meno. Uvimbe wa uso, homa au kushindwa kufungua mdomo havingoji asubuhi.

Kutafuna aspirini wakati wa mshtuko wa moyo ni jambo jingine kabisa: inatafunwa ili isagike na kumezwa upesi.

## Watoto

15. Mtoto anaota meno. Nimpake jeli ya ganzi?

Hapana. Mtoto anayeota meno anatiririka mate, kwa hiyo jeli huondoka kwenye ufizi baada ya dakika chache na kuingia tumboni au kooni. Mama anaona haijasaidia, anapaka tena, na tena. Hapo ndipo hatari ilipo. Lidokaini, mojawapo ya dawa za ganzi, inayomezwa na kupenya kwa wingi inaweza kuleta degedege na kuvuruga moyo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo mwaka 2014. Benzokaini, ganzi nyingine, inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na mwaka 2018 FDA ilisema isitumiwe kwa watoto chini ya miaka 2. Ganzi ikifika kooni, hata kumeza humshinda.

Kidole safi kikisugua ufizi taratibu, au kitambaa safi kilicholoweshwa na kupoozwa, vinatosha. Homa kali na kuhara si "meno tu", mpeleke kliniki. Na asikatwe ufizi kwa madai ya "meno ya plastiki", ile imani kwamba meno yanayochipuka ndiyo yanayomletea mtoto ugonjwa.

16. Mtoto mchanga ana fangasi mdomoni. Nistatini naimpaje ikae?

Nistatini karibu hainyonywi kabisa, kwa hiyo inafanya kazi pale tu inapogusa. Mpe baada ya kunyonya, ili maziwa yasiioshe. Tikisa chupa, gawa dozi nusu kwa nusu ndani ya mashavu yote mawili, si katikati ya ulimi ambako ataimeza mara moja. Endelea kwa saa 48 baada ya weupe kuisha. Chuchu zikiwa na maumivu au wekundu, mama naye atibiwe, la sivyo wataambukizana.

Jeli ya mikonazoli isitumiwe kwa mtoto aliye chini ya miezi 4: ni nzito, na inaweza kumziba koo. Kwa mkubwa zaidi, kiasi kidogo kwa kidole, mbele ya mdomo.

Mtu mzima mwenye nistatini aizungushe mdomoni kadiri awezavyo kabla ya kumeza, na meno ya bandia yatolewe. Fangasi inayorudirudi kwa mtu mzima ni sababu ya kupima sukari na virusi vya ukimwi.

17. Tumepewa midazolamu ya degedege. Kwa nini shavuni, si chini ya ulimi?

Mtoto anayetetemeka amekaza meno, huwezi kumfungua, na usijaribu. Kijiko kinavunja meno na kidole chako kinaweza kuumwa. Mlaze kwa ubavu, vuta mdomo kidogo pembeni, ingiza ncha ya bomba kati ya shavu na ufizi, sukuma polepole. Dozi ikiwa kubwa, nusu kila upande. Hutolewa degedege ikizidi dakika 5, au kama daktari alivyoandika. Mate na povu vitafanya sehemu itoke, nalo ni jambo linalojulikana: usirudie dozi kwa kukisia, mwahi hospitalini.

18. Sukari chini ya ulimi husaidia kweli?

Kwa mtoto mgonjwa sana ambaye sukari imeshuka na dripu bado haijapatikana, ndiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kijiko kimoja cha chai cha sukari kilicholoweshwa kwa maji, kuwekwa chini ya ulimi na kurudiwa kila dakika 10 hadi 20. Ni msaada wa njiani tu. Safari ya hospitali isisimame.

## Hali za pekee

19. Dawa yangu ya kuvuta ya pumu inanipa fangasi mdomoni. Inahusianaje?

Sehemu kubwa ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) unayovuta hutua mdomoni na kooni badala ya mapafuni, na ikibaki pale hudhoofisha kinga ya utando. Vuta kupitia kopo la kusaidia kupumulia, kisha sukutua na maji uteme. Hapa kusafisha mdomo ndiko kunakotakiwa, kinyume cha swali la 12 na la 13.

20. Natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Jeli ya fangasi ni ya mdomoni tu, haina shida, au sivyo?

Ina shida kubwa. Mikonazoli ya jeli humezwa, kiasi kinachoingia kwenye damu kinatosha kulizuia ini kuvunja wafarini, na damu inaweza kuwa nyepesi hadi mtu kutokwa damu ndani. Mwambie mfamasia kabla hajakupa. Nistatini ndiyo huchaguliwa mara nyingi badala yake.

21. Mgonjwa wetu wa nyumbani hawezi tena kumeza vizuri. Tukidondosha mofini shavuni, inaingia?

Mofini haipendi mafuta, kwa hiyo hupenya kidogo. Kwenye vipimo vilevile vya swali la 3 ilinyonywa takriban asilimia 18. Nyingine hutiririka kooni na kunyonywa utumboni, na hivyo bado inatuliza. Inua kichwa, toa kidogo kidogo, lowesha mdomo mara kwa mara. Maumivu yakirudi mapema msijilaumu na msiongeze wenyewe: pigieni timu ya tiba shufaa, wana njia nyingine, ikiwemo sindano ya chini ya ngozi.

22. Je, tembe ya chini ya ulimi inabatilisha saumu?

Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kuwa tembe ya chini ya ulimi ya maumivu ya kifua haibatilishi saumu, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Kusukutua nako kuliwekwa kwenye hukumu hiyohiyo. Kitabibu, sharti la kutomeza ndilo lilelile la swali la 6. Kwa dawa nyingine muulize sheikh wako pamoja na daktari kabla mwezi haujaandama, maana dozi nyingi zinaweza kuhamishiwa daku na futari.

23. Natafuna miraa jioni. Inaingiliana na dawa za mdomoni?

Miraa yenyewe ni mfano wa dawa ya shavuni: sehemu kubwa ya kathinoni, kemikali yake ya kusisimua, hupenya utando wa mdomo wakati fungu limeegeshwa shavuni. Kwa saa hizo mdomo hukauka, shavu linakwaruzika, na soda ya kuteremshia huleta asidi ya swali la 8. Tembe au jeli ya mdomoni haina nafasi nzuri hapo. Itumie baada ya kutema majani, kusukutua na maji na kusubiri mdomo utulie, na ubadilishe shavu ikiwa lile moja limechubuka. Mwenye ugonjwa wa moyo na nitrogliserini mfukoni hapaswi kutafuna kabisa, kwa kuwa kathinoni huongeza mapigo ya moyo na presha.